Baba Alipoiona Injini

Baba yangu ni fundi magari, na kazi hiyo aliifanya kwa masikio. Gari likifika gerejini kwetu hapa Bariadi, alikuwa anaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini anauegemeza sikioni, anafumba macho. Akiyafumbua anataja ugonjwa. Mimi, bintiye, nilijifunza kwa kusimama ubavuni kwake tangu nilipomaliza shule.

Lakini ujanani alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kuchambulia pamba, na kelele zile zilimla masikio taratibu. Mwaka juzi akawa hasikii kabisa. Aliendelea kuja gerejini kila asubuhi, akiwasalimu watu kwa Kisukuma, "mwangaluka," kwa sauti kubwa kupita kiasi, halafu anakaa juu ya tairi kuukuu. Bisibisi hakuigusa tena.

Ndipo nilipoamua kutafuta kipimo, kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi chini ya usukani kikazungumza na kompyuta ya gari. Vile vikubwa vyenye kioo chake vilikuwa nje ya uwezo wetu. Nilitaka kidogo, kinachotuma habari kwenye simu.

Siku hiyo mwalimu mmoja kutoka Lagangabilili alikuwa ametuletea gari lake. Lilikuwa linatetemeka likiwa sailensa, yaani limewashwa bila kukanyagwa mafuta, na taa ya injini imewaka. Nikamwomba tuende nalo hadi duka la vipuri.

Muuzaji alinipa kipimo cha bei ya chini kabisa. "Vyote vinafanana, dada," alisema.

"Basi acha nikijaribu kwenye gari kabla sijalipa."

Simu ilikiona kipimo, ila kipimo hakikuliona gari. Nikabadilisha programu mara mbili, ikawa vilevile. Kipimo cha pili, kilichozidi bei kidogo, kilishika mara moja, nikakilipia. Programu ya bure ikanionyesha kosa: silinda ya tatu haichomi.

Mwalimu alidhani tumemaliza. Mimi nikakaa kwenye kiti chake nikijaribu programu nyingine, mpaka nikapata moja inayochora kasi ya injini kuzunguka kama mstari unaotembea. Jibu nilikuwa nalo tayari. Nilichotaka ni baba alitafute mwenyewe.

Tuliporudi gerejini nilimshika mkono nikamsimamisha mbele ya boneti iliyo wazi, injini ikiwa inanguruma, nikampa simu. Silinda ya tatu sikumtajia. Niliketi kwenye usukani nikakanyaga mafuta kidogo, mstari ukapanda. Nikaachia, ukashuka, ukawa unachezacheza. Baba aliitazama simu, akaitazama injini, akaitazama tena simu. Akaweka kiganja juu ya injini.

"Inamisi," alisema. "Kuna silinda haichomi."

Akaniashiria nishike simu mbele ya macho yake. Akachomoa waya wa koili ya kwanza, ile inayoipa silinda cheche, mstari ukazama. Akaurudisha. Wa pili, ukazama tena. Alipochomoa wa tatu, mstari haukujali. Uliendelea na mtikisiko wake uleule, kana kwamba hakuna aliyegusa kitu.

Baba aliigusa koili ya tatu kwa kidole.

"Huyu hapa," alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Nikafungua ile programu ya kwanza nikamwonyesha kosa. Alipoona pale imeandikwa silinda ya tatu, alinitazama usoni. "Ulijua?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hakukasirika. Alizima gari, akahamishia koili ya tatu kwenye silinda ya pili, na tulipowasha, ugonjwa ulihamia huko pamoja nayo. Mwalimu akaenda kununua koili mpya. Baba akaifunga kwa mikono yake, na mstari ukanyooka, umetulia kama maji kwenye beseni. Kwa miaka yote ile nilidhani anachosikia ndani ya injini ni kipaji chake tu, siri kati yake na chuma. Kumbe kilikuwepo muda wote, kinatembea humo, na sasa nilikuwa nakiona na mimi.

Mwalimu alipotaka kuondoka, baba alimwomba angoje kidogo. Akarudi kwenye simu, akaniuliza kama inaweza kuonyesha joto la maji. Nikamwonyesha. Akauliza hewa inayoingia. Nikamwonyesha na hiyo.

"Mwanangu," alisema, macho hayatoki kwenye kioo, "hebu kanyaga tena."