Mahindi Yaliyopungua Kyuso

Sifa zote ni zake Mungu, aliyenifikisha umri huu nikiwa bado na macho ya kusoma na miguu ya kunipeleka ibadani. Kazi aliyonipa haikuwa ya kupendwa na watu, lakini alinilinda ndani yake, nami nasema asante kabla ya kusimulia.

Nilikuwa mkaguzi wa hesabu za serikali. Kila mwaka wizara zilifunga hesabu zao, nasi tukatumwa wilayani kuona kama yaliyoandikwa Nairobi yalikuwepo kweli: kama kisima kilichimbwa, kama dawa zilifika, kama gari lililotajwa lilikuwa na magurudumu. Wengi walidhani tunakaa na karatasi tu. Mara nyingi tulikuwa juani, tukihesabu mabati.

Mwaka mmoja wa ukame, katika miaka ya themanini, nilitumwa Kyuso kukagua stoo ya mahindi ya msaada. Mimi ni mzaliwa wa Kanyangi, ambako lugha ni ile ile ya Kyuso, kwa hiyo mkuu wangu aliona lugha haitanisumbua. Mtunza stoo alikuwa mtu wa makamo, mzee wa kanisa, mwenye koti moja lililopigwa pasi vizuri. Alinipa chai ya rangi, akaniombea kabla sijafungua faili. Kufikia jioni nilikuwa nimejua kwamba magunia ya kujaza pikapu hayakuwepo.

"Yako wapi?" nilimuuliza.

"Sijui, bwana mkaguzi."

"Uliuza?"

"Mungu ananiona. Sikuuza hata punje."

"Basi ni panya?"

Alicheka kidogo, bila furaha. "Panya wa Kyuso mwaka huu nao wanangoja msaada."

Sote wawili tulijua kinachomngoja. Angefutwa kazi, na huenda angesimama kizimbani kwa kula chakula cha wenye njaa. Maneno yalikuwa yameshaanza sokoni, na mkewe alikuwa ameacha kwenda kwenye ushirika wa akina mama. Usiku huo niliomba nisimwonee, na pia nisimfiche.

Kesho yake ilikuwa siku ya kugawa. Kila familia ilipimiwa kwa kasuku, ule mkebe wa mafuta ya kupikia, kulingana na idadi ya watu wake. Mtunza stoo alijaza mkebe, akapitisha kiganja juu ukawa sawa na mdomo, akamimina kwenye kiondo cha mama mmoja mzee. Mama hakuondoka.

"Bado," alisema.

"Bado nini, mwaitu?" Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Mkono. Ama leo umeuacha nyumbani kwa sababu ya huyu mgeni wa suti?"

Wanawake kwenye foleni wakacheka. Naye, bila kufikiri, akachota mahindi kwa mkono na kuongeza kwenye kiondo.

"Hiyo ni nini?" niliuliza.

Alitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Hii? Hii si mahindi ya serikali, bwana. Hii ni mkono tu."

Nilimwelewa, maana hata mimi nililelewa hivyo. Mama yangu hangempimia jirani nafaka na kumwacha aende bila kuongeza kidogo. Ingekuwa kama kumfukuza. Mtunza stoo alikuwa ameongeza mkono kwa kila mkebe, kwa miezi, na hakuwahi kuuona kuwa ni kitu. Nilimwomba ajaze kasuku tupu kwa mkono, nikahesabu ni mikono mingapi ilijaza, kisha nikapiga hesabu kwa mikebe yote iliyogawiwa. Karibu upungufu wote ulikuwa pale.

Aliinua mikono kumshukuru Mungu. Ilinibidi nimwulize, "Na wale wa ng'ambo ya mto, wanaotembea mbali na kufika mwisho?"

Alishusha mikono. Mara mbili walikuwa wamekuta stoo tupu, naye akawaambia lori lilileta kidogo. Aliamini hivyo. Sasa aliketi juu ya gunia na kufunika uso kwa kofia yake.

Nairobi, mkuu wangu alisoma ripoti yangu na kuvua miwani. "Unataka niandike mkono katika hesabu za taifa?"

"Andika upungufu, mzee. Lakini andika pia kwamba hakuna aliyeiba."

Aliguna, akaandika yote mawili. Katika kitabu kikubwa cha mwaka ule ilikuwa sentensi fupi kati ya mamilioni ya wizara, na sidhani kama yeyote bungeni aliisoma. Lakini mtunza stoo alipata onyo, akabaki na kazi yake, na mkewe akarudi kwenye ushirika.

Nilipopita huko tena, alikuwa akisawazisha mkebe kwa kijiti kilichonyooka. Mama mmoja alikuwa akimsuta mbele ya foleni nzima.

"Wewe na hicho kijiti! Hata mbinguni utaenda kumpimia Mungu?"

"Wa ng'ambo hawajafika, mwaitu," alijibu, na kupitisha kijiti. Kiganja chake kilielekea guniani, kikasita, kikarudi.

Waliwasili mchana, miguu ikiwa na vumbi, na kila mmoja akapata chake.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akushibishe wewe na nyumba yako. Na akikukabidhi chakula cha wengine, akupe moyo wa huruma na macho ya kumwona yule ambaye bado yuko njiani. Amina.