Viti vya Kilio kwa Bei ya Dola

Ukipita mtaa wetu wa Manika ukasikia vijana wa taxi-moto juu ya pikipiki zao wanaita "Tata Dola! Eeeh, Tata Dola!" na ukaona mwanaume mmoja mnene anainama ghafla kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba, usimcheke sana, ni mimi. Jina langu ni Dieudonné, jina zuri la ubatizo, lakini lilikufa siku moja mchana, mbele ya watu, chini ya hema nililolifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Kwa muda mrefu nimejaribu kuisimulia habari hii kama kosa la umeme, au kosa la mashine, au kosa la watu wa Lubumbashi walioiuza. Hapana. Ni mimi, kwa vidole hivi.

Nafanya kazi kwa Tata Mukendi, anayekodisha vitu vya sherehe na vya kilio, yaani matanga: mahema, viti, sufuria kubwa, sono, yaani spika na mikro zake, na jenereta lake. Kazi yangu ni kuandika facture, ile karatasi ya bei ambayo mteja anaondoka nayo. Sasa kwetu Kolwezi fedha ni mbili, na zote mbili zinaishi kwenye facture moja bila kugombana: vitu vidogo kama viti na sufuria tunatoza kwa franka, vikubwa kama mahema na sono tunatoza kwa dola. Kompyuta yetu ilikuwa inaweka alama yake mbele ya kila bei, FC hapa, $ pale, mpaka asubuhi moja nikaiwasha na alama zote zimepotea, namba zimebaki uchi.

Na kusema kweli hakuna aliyelalamika. Mtu akiona viti 200.000 anajua ni franka, akiona mahema 200 anajua ni dola, jicho la mtu wa Kolwezi linajua lenyewe. Ni ofisi moja tu, ya watu wanaopeleka chakula kwenye migodi, iliyoturudishia facture ikisema karatasi isiyo na alama ya fedha hailipwi. Tata Mukendi akachukua simu amwite fundi wa Lubumbashi. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka (ningekuwa na jino linauma siku ile, ningekuwa mtu mwenye heshima hadi leo).

"Tata, achana na kupoteza falanga," nikamwambia. "Ile kintu mi naijua. Mi nilisoma informatique."

Nilisoma, ndiyo. Nilisoma mpaka pesa ya masomo ikaisha, na ilipoisha tulikuwa bado kwenye kuwasha na kuzima.

Nikakaa mbele ya kompyuta, nikafungua huku, nikafunga kule, mpaka nikakuta mahali pameandikwa alama ya fedha, na kisanduku kitupu. Kisanduku kimoja tu. Nikaandika $, kwa sababu dola inaonekana ya heshima zaidi, na mashine ikaniuliza kama ninataka iwe hivyo kwa vitu vyote. Nikabonyeza ndiyo. Bei zote zikavaa dola kwa mara moja, zikapendeza kama watoto wa komunyo ya kwanza, nikamwita Tata Mukendi ambaye alikuwa anakula bukari yake, akachungulia kutoka mlangoni na mkono bado una ugali, akasema, "Bon, ni muzuri, Dieudo." Sikutazama mstari hata mmoja. Nilikuwa nimeshiba sifa.

Siku ileile kulikuwa na mwisho wa kilio cha marehemu mmoja aliyekuwa anaendesha mashine kule machimboni Kingamyambo, na vitu vilikuwa vyetu. Mnajua desturi: kabla ya mahema kushushwa, komite inasoma kwenye mikro nani alichanga na nini kilitumika, watu wote wasikie, na kinachobaki kinawekwa mkononi mwa mjane palepale. Mjane huyu, Mama Clémence, alikuwa anangojea hicho kilichobaki kwa ajili ya kodi ya nyumba na masomo ya watoto, hakuwa na kingine. Pesa zilikuwa zinatunzwa na dada yake mkubwa, Mama Béa, muuza mikate sokoni, mama wa maneno machache. Na Tata Kalonji, kaka wa marehemu, tangu siku ya kwanza hakupenda pesa za mchango zilale upande wa mjane. Alikuwa anangojea sababu. Mtaa mzima ulijua, na mimi nilijua, msisahau hilo.

Mama Béa alikuwa amekwisha kulipa kila kitu, alitaka tu facture safi kwa ajili ya kusomwa. Nikaichapisha, nikaitia kwenye bahasha, nikapiga shati pasi, nikaenda. Nilipofika, Mama Béa alikuwa amekaa mlangoni pamoja na mama wenzake, akaninyooshea mkono apokee. Nikauona ule mkono. Lakini mbele kule, karibu na wazee, alikuwa amesimama sekretere wa komite, mwalimu, na mikro mkononi, nikafikiri ni vizuri watu waone nani analeta karatasi nzuri namna hii.

"Ngoja kwanza, mama," nikamwambia, "hii ni ya komite."

Nikaupita mkono wake, nikatembea katikati ya watu polepole kama mchungaji.

Mwalimu akafungua bahasha, akaweka miwani. Na sono yetu ilikuwa safi sana siku ile (niliirekebisha mwenyewe, hilo ninalijua), unaisikia mpaka barabarani.

"Kukodisha viti mia mbili," akasoma, "dola elfu mia mbili."

Mwalimu ni mwalimu, kilichoandikwa anakisoma. "Sufuria na masahani, dola elfu makumi sita."

Kijana mmoja mchimbaji, bado na udongo kwenye buti, akasimama kwenye kiti cha nyuma akasema, "Mi naacha kuchimba! Kesho naanza kukodisha biti!" Na Tata Kalonji naye, taratibu, "Tuambie vizuri, mwalimu. Mulikodisha biti ao mulinunua mugodi ya Mashamba?"

Watu wakacheka, kwenye kilio, wazee wakacheka wakishika mbavu, hata Mama Clémence aliinua kichwa. Na kicheko kile, ndugu zangu, kilikuwa bado salama. Ningesema neno moja tu, viti na sufuria ni franka, mahema na sono ni dola, nimekosea mimi, ingekwisha hapo na leo ningekuwa bado Dieudonné. Lakini masikio yalikuwa yanawaka, nilitaka kitu kimoja tu, ile dola itoke haraka machoni pa watu. Nikarukia mikro.

"Pardon, wazazi! Ni erreur ya machine! Bintu yote hapa ni franka!"

Yote. Nilisema yote. Nikachukua kalamu ya mwalimu, nikakata $ kwenye kila mstari, nikaandika FC, FC, FC, kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, nikamrudishia. Akasoma tena tangu mwanzo. Viti, franka, watu wakatikisa kichwa, sawa. Sufuria, franka, sawa.

"Mahema, franka mia mbili. Sono na jenereta, franka mia moja na makumi tano."

Hapo hakuna aliyecheka. Franka mia mbili hainunui hata andazi moja.

Tata Kalonji akasimama. "Ngoja. Mama Béa alituambia nini? Alituambia mahema na sono alilipa dola mia tatu na makumi tano. Sasa mwenye mahema anatuletea facture ya franka. Ile dola yetu iko wapi?"

"Nililipa," Mama Béa akasema kutoka mlangoni. Hakupandisha sauti. "Ye mwenyewe njo alipokea. Mumuulize."

Watu wote wakageuka kwangu. Nikasema ni kweli, mama alilipa dola, nilipokea mimi. Na ilikuwa kweli tupu! Lakini ukweli wangu ulikuwa umekwisha kuchoka, sikilizeni jinsi Tata Kalonji alivyoupokea.

"Mara ya kwanza dola. Mara ya pili franka. Sasa tena dola. Bamekupatia ngapi, kijana, juu useme vile?"

Akatembea mpaka kwenye meza, akachukua mfuko wa pesa zilizobaki. "Hii itakaa kwangu mpaka mambo ionekane muzuri."

Upande wa ndugu wa marehemu wakaanza kunong'ona. Nilisikia neno mwizi, si mara moja, na halikuwa linasemwa juu yangu. Mama Béa, ambaye alikuwa amepika usiku wote wa kilio kile na kuandika kila aliyechanga, alikuwa anatazamwa na watu kama mtu aliyekula pesa za yatima. Mama Clémence hakulia. Alikuwa anaufuata ule mfuko kwa macho, kutoka mezani mpaka kwapani mwa Tata Kalonji. Sijawahi kuona aibu kama ile niliyoiona siku ile, na ilikuwa yangu mwenyewe. Nilitamani hema linidondokee.

"Dieudonné," Mama Béa akasema, "ita patron yako. Hapa hapa. Mu mikro."

Nikapiga. Mwalimu akashikilia simu yangu kwenye mikro, na sauti ya Tata Mukendi ikajaa mtaa mzima, yenye furaha, ya mtu ambaye hajui.

"Allô, Dieudo! Bale bantu banapenda facture yako ya muzuri?"

Watu wakaguna. Nikamwomba, "Tata, niko mu kilio, bantu yote banasikia. Unisaidie uwaambie bei."

"Juu ya nini? Biti na sufuria ni franka, mahema na sono ni dola, kila siku iko vile. Ule mama alilipa yote, mi mwenyewe nilihesabu." Nikapumua. Laiti angekata simu. "Lakini si uko na facture mu mukono? Si ulitengeneza machine? Si uliniambia ulisoma informatique?"

Mikro ile, nawaambia, ilikuwa safi. Ningeweza kunyamaza. Lakini Tata Kalonji alikuwa bado amebana mfuko kwapani, na nikaona kwamba bila kulisema lile neno mfuko hautashuka.

"Sijui informatique, Tata," nikasema. "Nilikuongopea. Niliweka dola kila fasi juu sikujua, na hapa nimeweka franka kila fasi juu nilisikia haya. Mama Béa hana kosa. Kosa ni yangu."

Kisha Tata Mukendi akasema, "Aah, Dieudo," kwa uchungu tu, akakata.

Mwalimu akasoma facture mara ya tatu, na mimi nimesimama kando yake kama mtoto wa katekisimu, yeye anasema kitu na namba, mimi ninajibu kwenye mikro, franka, franka, dola, dola. Hesabu ikakaa sawa na daftari la Mama Béa. Tata Kalonji akarudisha mfuko mezani, bila kumwomba mtu msamaha, na kilichobaki kikawekwa mkononi mwa Mama Clémence. Akashukuru watu wote. Mimi hakunitazama. Kisha nikabaki kukusanya viti, kwa sababu kazi ni kazi, na watoto wanakimbia nyuma yangu wanauliza, "Tata, hii kiti ni dola ngapi?"

Fundi wa Lubumbashi alikuja. Alifungua ukurasa wa kila kitu, kumbe kila kitu kina kisanduku chake cha fedha, viti na chake, mahema na chake, akajaza vyote huku anakunywa chai. Aliuliza ni nani aliweka dola mahali pote. Tata Mukendi akaninyooshea kidole: "Ni informaticien yetu."

Tangu hapo sijasema tena kwamba ninajua kitu ambacho sikijui, hata nikiulizwa njia ya kwenda sokoni. Baadaye Mama Béa alikuja kukodisha viti kwa ndoa ya mtoto wa ndugu yake. Nikachapisha facture, nikaitazama mstari kwa mstari, nikampelekea. Hakuipokea.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Mlangoni walikuwepo wateja wawili na kijana wa taxi-moto.

"Na nguvu."

Nikasoma kwa nguvu, viti franka, sufuria franka, mahema dola, mpaka mwisho, jasho linanitoka. Ndipo akaninyooshea mkono, uleule nilioupita. Nikaiweka facture ndani yake kwa mikono yangu miwili, na nikafunga mdomo.