Gari Lisilolia

Nakumbuka alasiri moja pale Kariakoo, mwanangu, jua limeshalainika kidogo, nami nimesimamisha gari jipya mbele ya baraza ya Mzee Kondo, injini imewaka na hakuna anayejua kwamba imewaka. Ndivyo lilivyokuwa gari lile. Ungeweza kuweka kikombe cha kahawa juu ya boneti, kimejaa hadi mdomoni, na kahawa isitikisike. Nililifanya hilo mbele za watu, na kikombe nilikiazima kwa muuza kahawa wa mtaani.

Kwa wasionijua nijitambulishe, ingawa Kariakoo asiyenijua huyo ni mgeni wa juzi. Nilishuka kutoka mlimani Kilimanjaro na elimu ya darasa la saba na viatu vya kaka yangu. Leo nina maduka ya jumla ambako wenye digrii wanakuja kuomba kazi. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mimi naongeza kwamba hata kizuri kikipata dalali hakikatai.

Aliyenipokea mjini ni huyo Mzee Kondo, Mzaramo wa hapahapa, mtu wa kanzu na bakora, mwenye mikokoteni. Hakuniuliza kabila wala dini. Alinipa chumba cha uani, akanikabidhi mkokoteni, na siku za mwanzo akasukuma yeye mwenyewe nyuma yangu ili nijifunze.

Nisikilize vizuri hapa. Mkokoteni una mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Wa mbele anavuta na kuona njia, lakini mwenzake hamwoni. Anamsikia begani. Wa nyuma akichoka, bega linajua. Akiteleza, bega linajua. Akiachia kiganja kimoja ajikune, unajua hata ni kiganja kipi. Mkokoteni wenyewe unalia njia nzima, ekseli inalia, mbao zinalia, na kila kilio ni habari. Huo ndio uhandisi niliosomea mimi, na bado natamba nao.

Sasa gari. Lilikuwa la silinda nane, viti saba, refu kwenda juu kama kibanda cha soda. Chini lina chasisi ya chuma iliyoungwa kama ngazi, nene kuliko paja langu, na bodi imekalia mipira juu yake, hivyo jiwe unalikanyaga na taarifa haikufikii. Shokapu zake ni za upepo. Ukibonyeza kitufe linashusha pumzi na kuinama, kama ngamia anayepiga magoti, mtu mzima apande bila kuhangaika na kanzu. Mtu akipanda au akishuka, linajipima lenyewe na kujiweka sawa, dereva asisikie kilichoongezeka wala kilichopungua. Vioo vya milango ni vya tabaka mbili. Milango yenyewe huibamizi. Unaisogeza tu, inajivuta na kujifunga taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Na mwendo wake! Usukani kidole kimoja. Ukikata kona linaegama kwanza, kama linafikiri, ndipo linatii. Ukikanyaga mafuta pua inainuka kidogo, halafu unasikia mkono mkubwa unakusukuma mgongoni bila haraka. Tembo mwenye miguu ya paka. Lilitoka Japani likiwa limetumika kidogo sana, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke anayesema Kijapani. Akisema neno namjibu asante. Viti vya ngozi sikuvitoa nailoni, nisije nikavichafua.

Siku hiyo nilikuwa na shughuli ya kuoa. Kulikuwa na binti pale Buguruni, Neema, ambaye nilimpenda tangu akija dukani kununua vitambaa na kunisahihisha hesabu. Baba yake, Mzee Temu, naye ni mtu wa mlimani, mwenye duka. Mimi baba sikuwa naye, alishatangulia. Mzee Temu akaniambia mjini hapa kila mtu ana mjomba wa kukodi, kwa hiyo nimletee mzee mmoja anayenijua kweli, aje aseme mbele ya ndugu mimi ni mtu gani. Mzee wa namna hiyo nilikuwa naye mmoja tu. Mzee Kondo akakubali kuwa mshenga wangu.

Desturi inamtaka muoaji akae mbali, mshenga aende na heshima zake. Mimi nikasema nitampeleka mwenyewe, nibaki garini. Ukweli ni kwamba nilitaka gari lionekane Buguruni.

Vijana wa mtaani wakamtania alipotoka na kanzu yake iliyopigwa pasi, "Mzee Kondo, leo unapanda ghorofa bila ngazi?"

"Imejileta yenyewe," akawajibu. "Nyie subirini zenu."

Nikalishusha gari, nikamfundisha jinsi ya kufungua mlango, kwamba avute pale kwa kidole tu. Nikamkaribisha kiti cha mbele, akakataa.

"Mimi wako wa nyuma, Mangi," akasema. "Nimezoea huko."

Mangi ndilo jina wanalotuita Wachaga wenye maduka, na yeye alikuwa akiniita hivyo tangu enzi ambazo duka nililiona kwa nje tu.

Tukashika barabara ya Uhuru. Mshenga ana kazi yake, lazima ajue atakayoulizwa. Akaniuliza mama yake Neema ni mtu wa namna gani, nikamjibu silinda nane. Nafupisha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Akaniuliza binti mwenyewe nimempendea nini, maana swali hilo halikosi, nikamwambia asikilize kwanza, asikie jinsi kusivyosikika kitu. Na kweli. Nje wapiga debe wa Karume wanakausha makoo, bodaboda wanapiga honi, ndani kimya kama benki. Adhana ya alasiri ilikuwa inaita na mimi sikuisikia. Yeye alijua kwa kuona watu wanavyoelekea msikitini. Akasema tusimame kidogo aswali. Nikamwambia asubiri, foleni ikifunguka nimwonyeshe linavyoondoka.

Kioo cha ndani, kile cha kutazama nyuma, nilikuwa nimekigeuza kinitazame mimi. Nilikuwa na kola mpya.

Ilala foleni ikakaza. Nikawa namweleza habari za gia. Yule mwanamke wa Kijapani akasema neno, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ikazimika. Nikamwambia asante. Njia ikafunguka, nikakanyaga, pua ikainuka.

"Umeliona, mzee?"

Hakujibu. Nikajua limemshinda maneno. Nikaendelea kueleza mpaka Buguruni.

Kwa Mzee Temu walikuwa wamepanga viti mpaka uani. Nikasimama mlangoni kabisa, nikabonyeza kitufe, gari likashusha pumzi na kuinama, watoto wakashangilia. Baba mdogo wake Neema akaja na mikono miwili, kwa adabu, kumfungulia mshenga. Akafungua. Akatazama ndani. Akainama akatazama na chini ya kiti, nadhani alifikiri mzee wetu ni mfupi sana.

Hapakuwa na mtu. Nailoni tu, imebonyea mahali alipokuwa ameketi.

Nikashuka nikasema alikuwepo. Mzee Temu akaniuliza ameshukia wapi. Sikujua. Akauliza kama alikuwa anaumwa. Sikujua. Akauliza kama alisema neno lolote, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba alisema mengi. Mzee Temu hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Kijana," akasema, "mzee mmoja umempoteza njiani, mchana kweupe, na hujui wapi. Binti yangu utamfikisha wapi?"

Neema alikuwa dirishani. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikarudi Ilala nikizunguka, vioo vyote nimeshusha, nauliza watu kama wamemwona mzee wa kanzu. Mwishowe nikaenda Kariakoo, nikamkuta barazani kwake anakunywa kahawa. Ameshaswali, amesharudi kwa miguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kubadili sauti. Nikamuuliza kwa nini amenifanyia vile. Akamalizia kikombe kwanza.

"Zamani nikiachia kiganja kimoja tu kwenye mkokoteni, ulikuwa unageuka," akasema. "Leo nimeshuka mzima mzima, na kanzu yangu na bakora yangu, wala hukugeuka. Nikaseme nini kwa wenyewe? Kwamba kijana wangu anazijua sana injini?"

 Akaligonga gari kwa bakora, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Zuri. Sikatai. Lakini kitu kinachobeba bila kulia, Mangi, kitakusahaulisha umembeba nani. Mwenye mkokoteni hukumbushwa. Wewe itabidi ukumbuke mwenyewe."

Asubuhi yake, bila kuniaga, alikwenda Buguruni peke yake kuniombea. Aliniambia baadaye kwamba Mzee Temu alimsikiliza vizuri na hata akaanza kulegea. Aliyekataa ni Neema. Alisema anashukuru, ila mtu asiyejua aliye nyuma yake yupo au hayupo, yeye hawezi kukaa nyuma yake maisha yote. Akaolewa na mtu wa kawaida tu. Niliwahi kuwaona Feri wananunua samaki, mume ameshika kikapu, mke anamsahihisha hesabu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi miguu yangu mizima, mwanangu, na nakuita mwanangu ingawa nyumbani kwangu hakuna wa kuniita baba. Nilichelewa, halafu nikachelewa tena. Magari nimebadilisha, kila linalokuja ni kimya kuliko lililotangulia. La sasa ukiwa Posta saa za mchana, magari yamebanana, unasikia saa yako ya mkononi inavyotembea. Viti saba. Yule mwanamke wa ndani siku hizi anasema Kiingereza, na katika mji huu wote ni yeye tu anayenikumbusha nifunge mkanda. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakuliona gari langu, tupu na kimya.

Mzee Kondo alipofariki niliacha gari, nikaenda kwa miguu pamoja na watu wa mtaa. Walinipisha, Mkristo mimi, nikaingiza bega chini ya jeneza. Nikamsikia. Uzito wake uleule, kama siku zile. Nilitamani makaburi yawe mbali zaidi.

Basi nasaha yangu ni hii. Tafuta mali, usiwasikilize wanaosema mali ni mbaya, hao hawajawahi kuwa nayo. Nunua gari kubwa, lifurahie, lijue mpaka nati yake ya mwisho. Lakini kila starehe utakayoinunua itakuondolea sauti fulani, na miongoni mwa sauti hizo kuna ya mtu anayekuuliza jambo, au anayeomba usimame kidogo. Mtu akipanda kwako, jibu alichouliza kabla hujamwonyesha ulicho nacho. Kioo cha nyuma kitazame nyuma. Na akinyamaza, usidhani amevutiwa. Geuka.

Mimi ukiniona njiani, nipungie mkono kwa nguvu, maana ukiita sitasikia. Nitasimama. Hata kwenye hili la sasa, nailoni ya kiti cha nyuma bado ipo. Ingia, ichane, ukae.

Mungu akupe nguvu ya kuvuta, mwanangu, akupe na mtu wa nyuma. Akulindie bega lako, lisizoee wepesi hata siku moja.