Masikio ya Msaga Unga

Fidla ndiyo iliyoondoka kwanza. Jumapili moja mchana nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu Uyole, redio iko juu ya kigoda, kipindi cha nyimbo za kantri kimeanza. Ukapigwa wimbo ninaoujua kuliko ninavyowajua baadhi ya shemeji zangu, na pale fidla inapoingia baada ya ubeti wa pili, haikuingia. Gita lilipigwa, ngoma ikapigwa, mwimbaji akaendelea kueleza shida zake za udereva wa malori, lakini mahali pa fidla palikuwa patupu. Niliipiga redio kofi.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi. Akaifungua, akaisikiliza, akasema haina ugonjwa wowote. Nikamwambia hajui kazi. Nikawalaumu watu wa stesheni, nikalaumu mvua, nikalaumu betri za siku hizi. Mimi ni mtu wa kulaumu. Mke wangu anasema nikikosa mtu wa kumlaumu huwa namgeukia kuku.

Huyu mke wangu ni Mnyakyusa, na kwao msiba ni kazi inayofanywa kwa mwili mzima, kwa hiyo hakuwahi kunielewa. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba nawalilia Wazungu nisiojua hata walikozikwa, halafu kwenye misiba ya majirani nakaa kama mzigo wa viazi. Ni kweli. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, na nilichokuwa sikielewi katika nyimbo zile nilikijaza mwenyewe. Kuna wimbo mmoja niliulilia miaka mingi nikijua ni wa mtu aliyefiwa na mama yake, mpaka dereva wa lori aliyekuwa anangoja spea pale Uyole akanifafanulia kwamba aliyekufa ni mbwa. Niliendelea kuulilia. Mbwa naye ana haki yake.

Kilichonivuta kwenye kantri ni baba yangu, ingawa yeye aliichukia. Baba alikuwa mpiga ligombo, huko kijijini kwetu nje ya mji wa Iringa. Ligombo ni ubao mrefu uliochimbwa katikati, nyuzi zimenyooshwa juu yake, na kibuyu kimefungwa ili sauti itoke. Mtu anakaa peke yake nalo na kueleza yaliyompata: nani kafa, nani kahama, ng'ombe gani hakurudi. Nilipokuja kusikia kantri kwenye redio ya mwalimu wetu nilijua papo hapo kwamba ni kitu kilekile. Nikamwambia baba. Akasema nimejaza takataka kichwani, na siku nikiitafuta nafasi ya kuweka kitu cha maana sitaiona.

Niliondoka nyumbani kijana, nikapata kazi kwenye mashine ya kusaga Uyole, na sikutoka tena hapo. Watu wanadhani kusaga ni kumwaga mahindi na kubonyeza swichi. Msaga unga anafanya kazi kwa masikio. Mashine ikiwa na mahindi ya kutosha inaguna. Mahindi yakikaribia kwisha inaanza kulia kwa sauti ya juu, na hapo ndipo unaongeza debe jingine au unazima. Ukichelewa, mashine inazunguka tupu, mkanda unaungua, chekeche linapasuka. Mimi nilikuwa naweza kusinzia huku mashine inaguna na kuamka inapoanza kulia. Juu ya ukuta nilikuwa nimetundika redio, na ili niisikie nilikuwa naifungua mpaka mwisho. Kelele juu ya kelele, kutwa, mwaka baada ya mwaka, na mimi nikijiona mtu mwenye bahati.

Siku mkanda ulipoungua nilikuwa nimesimama pale pale. Nilimwona mama mmoja mwenye ndoo anapunga mikono. Nikadhani ananisalimia, nikampungia. Kisha nikasikia harufu ya mpira na nikaona moshi. Mashine ilikuwa imelia kwa sauti ambayo, nilivyoelezwa baadaye, iliwatoa watu mpaka dukani ng'ambo ya barabara. Mwenye mashine, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani zamani na kufungua duka Mbeya, hakunigombeza. Alinipeleka hospitali mwenyewe. Daktari alinivalisha vitu masikioni, akaniambia ninyanyue mkono kila nitakaposikia mlio. Nilikaa na mkono wangu pajani, nikimwona anabonyeza, anabonyeza. Mwishoni aliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa kwamba kilichokufa ndani ya sikio hakioti tena. Bado nilikuwa nasikia sauti nzito na mtu akinipigia kelele sikioni. Hizo nazo zingeondoka taratibu.

Nililia kwenye gari la yule mzee bila aibu. Sikuwa nawaza mke wala kazi. Nilikuwa nawaza fidla.

Nilimkataza mke wangu asiwaambie watu wa kwetu, na sababu yake ni hii. Katika ukoo wetu, mwanamume akizikwa, kabla udongo haujajazwa, mrithi wake anasimama miguuni pa kaburi na kuimba majina ya wote waliolala pale kilimani, kuanzia yule wa kwanza aliyekuja na moto wake. Kila jina likitajwa, watu wanaitikia kwamba tupo. Jina la mwisho ni la huyo anayezikwa. Likiitikiwa, amepokelewa. Lisipoitikiwa, wazee wanasema, anabaki nje, analala mlangoni kwa wenzake. Tuni ya wimbo huo ni moja, haibadilishwi, na baba humpa mwanawe mkubwa wakiwa wamekaa na ligombo. Baba alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume.

Basi dada yangu akampigia simu mke wangu. Baba amedhoofika, amesema niende kuchukua wimbo.

Kwenye basi kutoka Uyole nilijizoeza kusoma midomo. Pale Igawa wachuuzi walipozunguka madirisha nilifaulu vizuri: mchele, karanga, maji. Nikapata moyo. Nilichosahau ni kwamba midomo niliyoizoea ni ya Kiswahili. Nilipofika nyumbani baba akanisalimia kwa Kihehe, niliona mdomo unafunguka na kufungwa, na sikuambulia kitu ila kamwene, ambayo mtu huijua hata akiwa usingizini.

Alikuwa amekwisha. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa. Jioni ile tulikaa jikoni karibu na moto, ulanzi, pombe ya mianzi, kidogo kwenye kikombe, akaliweka ligombo mapajani na kuanza. Nilitazama vidole. Nilitazama midomo. Majina niliyajua tangu utotoni, kwa hiyo niliweza kufuata kwamba sasa ametaja huyu, sasa huyu. Tuni sikuisikia hata kidogo. Nilijaribu kuikumbuka kutoka mazishi ya babu nilipokuwa mdogo, na kila nilipoitafuta ilikuja ikanikimbia. Alipomaliza akanipa ishara kwamba nirudie.

Nikaimba. Niliimba kwa nguvu, kwa sababu mtu asiyejisikia huimba kwa nguvu, na kifuani nilihisi ninakwenda sawa kabisa. Kila jina lilipata mahali pake pa kutua. Nilifurahi, naapa. Nikafikiri kumbe ilikuwa imo ndani muda wote. Kisha nikaona baba ameweka kiganja juu ya nyuzi, amekibandika hapo, na dada yangu ametazama chini.

Dada alinitoa nje nyuma ya nyumba, akanishika kichwa, akaniambia kwenye sikio lile lenye nafuu, "Kaka, umewaimba babu zetu kwa wimbo wa malori yako."

Nilijua hapo hapo ni wimbo gani. Ule wa fidla. Nilikuwa nimeubeba kichwani siku zote hizo ili usiniponyoke, na nilipotafuta sauti nyingine mule ndani haikuwepo. Baba alikuwa ameniambia nikiwa kijana kwamba sitaiona nafasi, na hakuwa amekosea. Nikamwambia dada kuhusu masikio. Akakaa juu ya kuni, akajifunika kanga usoni. Baada ya hapo akaenda ndani kumwambia baba, na mimi nikabaki nje kwenye baridi kama mtu aliyetumwa kuchunga.

Asubuhi baba alinivuta mkono. Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi. Aliweka kiganja changu juu ya kibuyu cha ligombo, akakishikilia hapo kwa mkono wake wa kushoto kidogo, kisha akapiga wimbo wote kuanzia mwanzo, taratibu, akinitazama machoni. Nimesikia watu wakieleza kwamba kiziwi husikia muziki kwa mikono. Labda wao. Mimi nilihisi ubao unatetemeka, kama mashine ile unapoiegemea, na mtetemo wa jina la kwanza haukuwa na tofauti na wa jina la mwisho. Hakukuwa na wimbo humo. Alipomaliza alikuwa anatokwa na jasho, na uso wake ulikuwa na tumaini ambalo sikuwahi kuliona, hata siku niliyooa.

Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimeupata.

Akacheka. Meno yalikuwa yamebaki machache. Akamwita dada, akamwambia, na kila mzee aliyepita pale njiani alimwambia kwamba mwanawe ameupokea kwa mkono. Niliona midomo yao ikishangaa, wananiangalia viganja.

Sikukaa sana. Kabla sijaondoka nilimwomba dada aje auimbe yeye siku ya kumzika baba ikifika, kwa sababu nilijua anaujua. Amekulia jikoni mle kama mimi, na masikio yake ni mazima. Alinijibu taratibu, akihakikisha nauona mdomo wake. "Mwanamke haongozi, kaka. Mimi nitaitikia. Kuongoza ni wewe."

Baba alifariki kabla mahindi hayajakauka. Mke wangu ndiye aliyepokea simu. Alikuja akanizimia mashine, ambayo mwenye mashine alikuwa bado ananiachia niiangalie kwa macho.

Watu walijaa kilimani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na udongo ulikuwa mwekundu, umelowa. Mchungaji alifanya sehemu yake, nikatazama mdomo wake mpaka ukafungwa. Kisha wazee wa ukoo wakanitazama. Mmoja alininyooshea mkono, kunionyesha pa kusimama.

Nilifikiri kusema ukweli. Nilifikiri niwaambie kwamba sikupewa kitu, kwamba mzee wao alikufa ameridhika kwa uongo wangu. Halafu nikalitazama jeneza na kuona kwamba nikinyamaza jina lake halitatajwa kabisa, na nikiimba angalau litatajwa. Nikasimama miguuni pa kaburi na kuanza na yule wa kwanza aliyekuja na moto wake.

Niliimba kwa ile tuni. Sikuwa na nyingine. Nilijua sasa ninachofanya, nilijua fidla ingeingia wapi, na niliyapanga majina ya watu wale kwenye wimbo wa dereva wa nchi nisiyoijua, mbele ya watoto na wajukuu wao. Nilipotaja jina la kwanza nilitazama midomo. Ilikuwa imefungwa. Jina la pili, imefungwa. Wazee walitazamana. Mmoja alivua kofia, akaivaa tena. Mke wangu, aliyekuwa amesimama na wanawake, alinitazama kwa huruma, na kwao huruma si kitu kinachotolewa ovyo. Niliendelea. Babu mkubwa, babu, ndugu zake babu, yule aliyekufa kwa radi. Hakuna mdomo uliofunguka. Koo lilikuwa linaniuma na sijui nilikuwa napiga kelele kiasi gani.

Nikafika kwa baba. Nikalitaja jina lake, nikalivuta jinsi wimbo ule unavyovuta neno la mwisho, na nikatazama.

Mdomo wa dada ulifunguka. Wa kwake tu. Ulifunguka wote, nikaona meno na ulimi, kisha mara moja akauziba kwa kanga na mabega yakaanza kutikisika. Wengine walianza kuchukua majembe.

Tulikaa na dada siku za matanga, tukala pamoja, tukagawana nguo za baba. Ligombo amelichukua yeye, limetundikwa juu ya moto lisiliwe na wadudu. Alikuja Uyole baadaye kuniletea maharage, tukakaa mlangoni kwangu Jumapili nzima, redio iko ndani, imezimwa. Nilikuwa na nafasi ya kumwuliza kama pale kaburini alikuwa anaitikia au alikuwa analia tu. Anaandika vizuri, angeweza kunijibu hata kwa kidole kwenye vumbi. Nilimkaribisha chai. Akisema alikuwa analia, baba yangu yuko mlangoni mpaka leo, na mimi ndiye niliyemwacha pale.