Herufi Iliyotaka Kuvunja Posa

Juzi niliingia duka la simu hapa Kismayo kununua chaja, nikatoka bila chaja. Kijana alikuwa ameegemea kaunta akijiandaa kwa usaili wa kesho, kwa video, na kampuni moja ya Mombasa, kwa kazi ya mhandisi mwandamizi wa programu. Muuzaji, binti ambaye ndiye mchumba wake, alijifanya msaili.

Sisi Wabajuni neno "mtu" tunalitamka "mchu", na kijana aliogopa kuchekwa na watu wa Mombasa. Basi kila alipokutana na "ch" aliifukuza, akaweka "t". Akaeleza anavyojenga mifumo isiyoanguka watu wakizidi. Wateja tukaitikia kwa vichwa, hakuna aliyeelewa.

"Una familia?" akauliza binti, kwa sauti ya kiofisi.

Kijana akaweka mkono kifuani. "Nina mtumba wangu hapa Kismayo. Nampenda sana."

Duka zima tukaangua kicheko. Binti akalitazama buibui lake juu hadi chini.

"Mimi ndiye nguo kuukuu?"

"Mchumba," kijana akasema, jasho likimtoka. "Mchumba, wallahi."

"Kesho sema mchu," binti akamwambia, akijifuta machozi ya kicheko. "Wakikucheka, waambie umefundishwa na mtumba."

Nanyi wa Mombasa, mkimsikia, msimsahihishe. Alijisahihisha mwenyewe mara moja tu, nusura akose mke.