Debe Langu na Korongo wa Masika

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nilitoka nyumbani na debe kwenda kupigana na ndege, nami ni bibi harusi ambaye hata hina haijafutika kuchani. Cheka tu. Hata mimi nacheka.

Nilikuwa nimeolewa Mkange, kwa watu wa ng'ombe, nikitokea Fukayosi kwenye mpunga. Kwetu binti alisifiwa kwa kuwinga ndege, kuwafukuza wasile mpunga, na mimi nilikuwa hodari. Nikipiga ukelele wangu, kwelea wanahamia kijiji cha pili.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Baba mkwe alikuwa amenitunza siku ya harusi mtamba mmoja mwenye mimba, jina lake Tausi, naye alibaki mbavu tupu. Kila asubuhi tunamwinua kwa mkia ndipo asimame. Nilimpenda ng'ombe yule, mwanangu, wacha nikwambie. Na kila mtu pale alijua kwamba majani yasipopatikana mapema, Tausi atakufa na ndama wake tumboni.

Mvua ikaja. Wee! Ngiri wakatokea na vitoto vyao, swala wakarudi kutoka upande wa Saadani, malisho yakawa kijani kibichi. Nikamnong'oneza Tausi, "Vumilia, mwaya, karamu inakuja."

Asubuhi hiyo sasa, nikakuta korongo wametua malishoni, weusi tii, wengi hata majani hayaonekani. Nikajua wanakula chakula cha Tausi wangu. Nikatwaa debe, nikajifunga kanga kiunoni, nikawakimbilia nikiligonga na kupiga ukelele wa kwetu. Wakaruka wote! Nikasimama kifua mbele, nangoja sifa.

Aliyekuja ni mama mkwe wangu, Bi Tatu, na mwiko wake wa ugali mkononi.

"Shikamoo, mama," nikasema, nahema.

"Marahaba. Lete hilo debe." Akalipindua chini, akalikalia. Kisha akapanua majani kwa mwiko. "Inama, mwali. Unaona nini?"

Viwavi, mwanangu! Wamejaa shinani, wanatafuna kimya kimya.

"Korongo hawali majani, wamewafuata hawa," akasema. "Kila masika wanakuja, na hapa hatuwapigii kelele mpaka washibe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe, mgeni umemtolea debe!"

Machozi yakanilengalenga. Niliona nimemuua Tausi kwa mdomo wangu mwenyewe. "Watarudi, mama?"

"Njaa haina kinyongo. Keti hapo, na ufunge mdomo, ukiweza."

Tukaketi. Nyumba nzima ikawa inanong'ona, ndege wasiogope kurudi. Hata baba mkwe alikohoa ndani ya kofia yake. Jua likapanda, hakuna kitu. Nikaanza kuomba dua moyoni. Mara akatua mmoja, akafuata wa pili, kisha wakashuka kundi zima, wakala mpaka jioni. Hawakuwamaliza viwavi wote, lakini majani yalipona. Tausi alikula, akanenepa, akazaa ndama dume mwenye miguu mirefu kupita kiasi. Bi Tatu akamtazama ndama, akanitazama mimi, akasema, "Huyu jina lake Korongo." Basi walicheka! Mpaka leo ukweni wananiita Mama Korongo, nami naitika.

Sasa wewe, mwanangu, unakwenda kuanza maisha kwa watu. Ujuzi wa kwenu nenda nao, usiutupe. Ule ukelele wangu bado ninao. Lakini usiutoe siku ya kwanza. Wahenga wanasema ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mimi nakwambia fumbua yote mawili, ufumbe mdomo kwanza. Inama uone shinani kuna nini. Uliza. Na ukishakosea, keti ungoje, maana kheri nyingine ukiifukuza hurudi, ila hairudi penye kelele.

Mwenyezi Mungu akunyeshee kwa wakati wake, ng'ombe wako waamke wenyewe asubuhi, na mgeni wa heri akija kwako, asikukute na debe mkononi. Amina.