Spika za Mvule

Baba mkwe wangu ni seremala wa kijiji cha Tezo. Nilipomwoa binti yake alituletea spika mbili alizotengeneza mwenyewe, makasha mazito ya mvule yanayonukia vanishi. Nilishukuru kwa mdomo. Baada ya miaka miwili nikanunua spika nyeusi, ndefu na nyembamba, kutoka duka moja la Mombasa, na zile za mvule nikazisukuma stoo, nyuma ya gunia la makaa.

Mwaka jana alikuja kututembelea hapa mtaani kwetu, Barani. Alikuta majirani wangu wawili sebuleni, ambao huja kila Jumamosi alasiri kusikiliza taarabu. Akauliza, kwa upole tu, "Zile nilizowaletea zimeharibika?"

Ningejibu ziko stoo, yakaisha. Lakini nilitaka kujionyesha.

"Hazijaharibika, baba. Ila besi yake yavuma kama mtu anayesema ndani ya pipa. Na hujui mwimbaji yuko wapi, sauti zote zimerundikana. Ngoja nikuonyeshe."

Nikazitoa, nikazifuta vumbi, nikaziweka kando ya zile nyeusi. Mke wangu akatundika leso mbili kwenye kamba ili nisizione. Baba mkwe akakaa nyuma ya leso na nyaya mkononi, aunganishe apendavyo, nami nitaje ni zipi zinazolia.

Za kwanza zilitoa sauti safi lakini nyembamba, udi na fidla vimebanana mahali pamoja. Zikalia za pili. Mwimbaji alisimama katikati, udi kushoto kwake, fidla zimejipanga kulia, na ngoma ikatokea nyuma kabisa, kana kwamba ukuta umesogezwa hadi uani. Besi niliisikia kifuani, imetulia, haifuniki hata neno moja.

"Hizo!" nikapiga makofi. "Hizo ndizo zangu. Mwasikia tofauti?"

Mke wangu akashusha leso. Nyaya zilikuwa kwenye makasha ya mvule.

Hakuna aliyecheka. Masikio yaliniwaka moto. Badala ya kukubali nikasema, "Baba, umechanganya nyaya. Umezihamisha baada ya mimi kusema."

Akanitazama, kisha akawatazama majirani. "Huenda nimekosea, mwanangu. Macho yangu siku hizi si mazuri."

Macho hayo hayo bado yanapima ubao bila futi. Alimaliza chai yake, akaaga mapema.

Mke wangu hakunigombeza. Kwa siku tatu alinijibu yale ya lazima tu. Siku ya nne nikaenda Tezo, nikamkuta baba yake karakanani akipiga msasa mguu wa kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Siku ile hukukosea. Mimi ndiye niliyesema uongo. Nisamehe."

Aliendelea na msasa kidogo. "Nilikusamehe pale pale. Majirani umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Nilitumaini mambo yangeishia hapo, baina yetu wawili.

Jumamosi iliyofuata niliwaambia kabla hata hawajakaa. Mmoja akainamia mkeka. Mwingine akasema, "Twajua tangu siku ile. Tuliona haya hata kukutazama."

Nikaenda jikoni kuleta kahawa. Ilikuwa tayari zamani, lakini nilisimama pale na birika mkononi, nikisubiri uso wangu upoe.